Mlinzi wa Pili

Jumamosi ile Maige alirudi nyumbani Pangani, pembeni mwa jiji, na mlinzi wa pili wa kompyuta. Alikuwa amemficha ndani ya shati, kifuani, kwa sababu mifuko ya suruali alikuwa haiamini. Mlinzi mwenyewe alikuwa sidii moja iliyofungwa kwenye nailoni.

“Antivairasi ya kisasa hii,” alimwambia mkewe kabla hajavua hata viatu. “Ofisini kirusi kimeingia kwenye mashine ya mhasibu, kimekula kila kitu. Hapa kwangu hakigusi.”

Rosalia alikuwa chumbani, mbele ya kompyuta, akiipitia tasnifu yake kwa mara ya mwisho. Hakugeuka. “Si tunayo antivairasi tayari, baba Loyce?”

“Tunayo moja. Akisinzia je?”

Swali hilo halikuwa na jibu, na Maige alijua. Alikuwa mtunza bohari katika ofisi moja jijini, kazi aliyoifanya mpaka ikamwingia kwenye damu. Nyumbani kwake sukari ilikaa kabatini na kabati lilikaa na kufuli. Kompyuta aliiweka katika chumba chao cha kulala kwa kuwa sebuleni watu wanapita, kisha akaita fundi wa kuchomelea, akaifungia sipiyu ndani ya kizimba cha nondo kilichoshindiliwa kwenye sakafu kwa zege. Fundi alipouliza mlango uwe upande gani, Maige alimjibu kwamba hajawahi kuona mlango ambao mwizi ameshindwa kuufungua. Basi kizimba kikakosa mlango, na kitufe cha kuwashia mtu alikibonyeza kwa kupenyeza kidole, na sidii aliipenyeza kati ya nondo.

Hakuishia hapo. Mtu mmoja alimwambia kwamba virusi husafiri kwa flashi, naye akanunua supa gluu akaziba matundu yote ya flashi. Kibodi, mausi na printa aliviacha vimechomekwa, lakini navyo akavigandisha humo humo. Intaneti ndiyo kabisa haikutajwa. Kwa hiyo kila alichokiandika Rosalia kiliingia kizimbani na hakikuwa na pa kutokea isipokuwa kwenye printa.

Na alichokiandika Rosalia hakikuwa kidogo. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye mvi zake, anayesoma shahada kwa njia ya masafa huku walimu vijana wakimuuliza kwa utani kama amepata bweni. Utafiti wake ulihusu watoto wa wafugaji wa Kurui wanaokatiza shule. Aliwafuata kwa bodaboda mpaka kwenye mazizi, akakaa na mama zao, akaandika walichosema. Nyingi kati ya familia hizo zilikwisha kuhama na ng’ombe wao, na karatasi za mahojiano zililiwa na mchwa. Chuo kilikwisha kumwongezea muda, na msimamizi wake alimwambia wazi kwamba Jumatatu asubuhi ndiyo mwisho. Asipokabidhi, anaondolewa masomoni. Rosalia aliitaka shahada ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote, hata mumewe.

“Acha nimalize kuchapa kwanza, ndipo uweke hiyo sidii yako,” alisema.

“Utachapaje na adui yuko getini? Dakika mbili tu, mama Loyce. Sogea.”

Akasogea. Baadaye alijilaumu kwa kusogea kule kuliko kwa jambo lolote alilofanya mwaka ule.

Walinzi wale hawakupatana hata kidogo. Yule wa zamani alipoona mgeni anapekua mafaili, alidhani ni mwizi. Mgeni naye, alipoona kuna mtu ndani anayechungulia kila anachofanya, alidhani vivyo hivyo. Wakashikana mashati. Kila faili alilotaka kulifungua Rosalia, mmoja alilishika kichwa na mwingine miguu, likabaki pale pale. Programu ya kuandikia ikawekwa karantini. Kibodi ikashukiwa na mgeni kuwa ni kifaa cha wizi, ikazuiwa. Ilibaki mausi peke yake, nayo ilitembea kwa kujivuta.

“Toa hiyo sidii,” alisema Rosalia.

“Nimeshaitoa. Mwenyewe keshaingia.”

“Basi mfute.”

Maige alijaribu kumfuta. Mashine ikamjibu kwa Kiingereza, na Rosalia akamtafsiria kwamba mlinzi wa kwanza haruhusu mabadiliko na wa pili hajamaliza kujisajili. Hapo Maige akakumbuka kwamba kompyuta ina namna ya kurudishwa nyuma, ikawa kama ilivyokuwa jana, bila kazi za mtu kuguswa. Aliibonyeza huduma hiyo kwa madaha. Mstari wa kijani ukajaa taratibu, mashine ikazima, ikawaka, ikaandika maneno marefu.

“Inasema haikufanikiwa,” Rosalia alisoma. “Inasema huenda kuna antivairasi inayozuia. Tuizime, halafu tujaribu tena.”

Maige alivua miwani, akaifuta, akaivaa. “Yaani fundi anakuja kwako anasema, mfukuzeni kwanza mlinzi ndipo niingie kutengeneza. Wewe ungemkubalia fundi huyo?”

“Ningemkubalia, kama mlinzi ndiye aliyeharibu.”

“Ndivyo watu wanavyoibiwa, mama Loyce.”

“Kimebaki nini cha kuibiwa?” Sauti yake ilipanda, akaishusha kwa sababu ya majirani. “Kazi yangu imo humo. Angekuwa mwizi kaichukua, angalau ningejua wa kumtafuta.”

Maige aliichukua sidii, akairudisha kwenye nailoni yake. Alijua amekosa, lakini kukiri kosa kulimpa shida kama kumwazima mtu koleo la bohari.

* * *

Fundi Godbless alikuja alasiri hiyo hiyo kutoka kibandani kwake Sofu. Alikuwa kijana mchangamfu, na kwa maradhi yote ya kompyuta alikuwa na dawa moja.

“Shikamoo mzee. Shikamoo mwalimu,” alisema, akaitazama skrini kwa muda wa kupiga chafya. “Hii inapigwa window tu. Unafuta kila kitu, unaweka mpya, inakuwa kama imetoka dukani.”

“Na kazi zangu?” Rosalia aliuliza.

“Hizo zinaondoka, mwalimu. Lakini si unazo kwenye flashi?”

Rosalia alimtazama mumewe. Mumewe alitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu.

Godbless alipiga magoti, akamulika kizimba kwa tochi ya simu. Alipoyaona matundu yaliyojaa gundi, alianza kucheka, akajizuia, akashindwa.

“Mzee, nani kakufanyia hivi?”

“Nimejifanyia mwenyewe,” alisema Maige.

“Na mlango wa hili banda uko wapi?”

“Hakuna.”

“Duh! Hata benki wana mlango, mzee.” Akasimama, akajipangusa magoti. “Labda nilete grainda tukate nondo tutoe diski. Ila sikudanganyi, diski yenyewe ya zamani, mtikisiko wa grainda unaweza ukaimaliza hapo hapo. Mimi ningepiga window.”

“Hupigi kitu,” alisema Rosalia. “Ahsante, mwanangu. Nenda tu.”

Godbless aliondoka na nauli yake na hadithi nzuri ya kusimulia. Hakuisubiri ifike Sofu. Jua lilikuwa bado juu wakati jirani yao Tereza, mwanamke mwema asiyeweza kukaa na neno moyoni, aliposimama kwenye ua wa michongoma.

“Mama Loyce! Poleni jamani. Nasikia kompyuta yenu iko ndani. Dhamana lini?”

“Bado inahojiwa, dada,” Rosalia alijibu, kwa sababu asingejibu angelia.

Ndani, Maige alifunga dirisha. Aliisikia sauti ya mkewe ilivyotetemeka mwishoni, na jambo hilo lilimuuma kuliko kicheko cha fundi. Angeweza kutoka akamwambia hivyo. Badala yake alienda kuhakikisha kama kabati la sukari limefungwa.

Rosalia alitoa simu, akampigia binti yao bila kuomba ushauri wa mtu.

“Loyce, mwanangu. Kesho njoo na Jabiri.”

Loyce alishusha sauti. “Baba amekubali?”

“Baba hajaulizwa.”

Jabiri alikuwa mume wa Loyce, mwenyeji wa Kisarawe, anayefundisha na kutengeneza kompyuta hapo hapo mjini kwao. Maige hakuwahi kumwita mkwe wala mwanangu. Alimwita “yule kijana wa Kisarawe”. Kosa la kijana huyo lilikuwa moja tu. Alikuja akaondoka na Loyce, na Maige katika maisha yake yote hakuwa amezoea kitu kutoka bohari bila yeye kuridhika.

* * *

Walifika Jumapili baada ya misa, Loyce na kikapu cha mihogo, Jabiri na maneno. Hakuwa kijana wa kujishusha. Alipokwisha kuwaamkia wakwe kwa adabu zote, hata kabla ya kukaa alikuwa ameshaieleza mashine, ugonjwa wake, na watu mashuhuri wa Kisarawe aliowaponyea ugonjwa huo huo.

“Mama, usiwe na wasiwasi,” alisema. “Hapa ni kunywa chai na kuondoka.”

Aliongoza kuelekea chumbani kwa hatua za daktari. Alipofika koridoni akasimama ghafla. Mlango ulikuwa wazi, na kilichoonekana kwanza hakikuwa kompyuta. Kilikuwa kitanda.

Kwa Wasukuma wa kwao Maige, mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe. Kwa Wazaramo wa kwao Jabiri, ni vivyo hivyo. Mambo mengi yalizitenganisha koo hizo mbili, lakini kwenye hili zilikubaliana bila kikao.

“Kompyuta haiwezi kutoka?” Jabiri aliuliza, macho ameyaelekeza kwenye dari.

“Haiwezi,” alisema Maige.

“Kwa nini?”

“Ina usalama.”

Loyce alitoa simu yake. “Si rahisi tu. Naingia mimi, napiga picha kioo, namletea.”

“Picha ya chumba changu?” Maige alishtuka kweli kweli. “Leo iko kwenye simu yako, kesho iko kwenye magrupu, watu wanahesabu foronya zetu. Weka simu yako mezani.”

Basi wakafanya walivyoweza. Kiti kiliwekwa koridoni, Jabiri akakaa ameupa mlango mgongo. Rosalia alikaa ndani mbele ya kompyuta, akawa anasoma kinachoandikwa kwa sauti. Maige alisimama kati yao, mlangoni, akilinda kitu ambacho hata yeye asingeweza kukitaja.

“Mama, chini kulia kuna alama ya ngao,” alisema Jabiri. “Hiyo ndiyo antivairasi. Ibonyeze.”

“Zipo ngao mbili.”

“Bonyeza ya kijani.”

“Zote za kijani.”

Jabiri alifikiri. Mtu mwingine angesema hajui. “Ya kushoto,” alisema.

Rosalia alibonyeza ya kushoto, na mlinzi wa pili, kwa bidii ya mtu aliyeajiriwa jana, akaanza kuikagua kompyuta nzima faili kwa faili. Hapakuwa na namna ya kumkatiza. Chai ililetwa ikanywewa, mihogo ikachemshwa ikaliwa, na mlinzi bado yumo. Maige alikohoa kwa namna ambayo kila mtu alielewa.

“Ile ya kulia sasa,” alisema Jabiri ukaguzi ulipokwisha, sauti imepungua kidogo. “Huyo ndiye wa zamani. Tafuta pa kuzimia.”

“Nimepaona. Inataka paswedi.”

Wote walimgeukia Maige, isipokuwa Jabiri, ambaye alikuwa anautazama ukuta.

“Tokeni,” alisema Maige. “Naandika mwenyewe.”

“Kibodi imezuiwa, baba Loyce.”

“Ipo kibodi nyingine inafunguka kwenye kioo,” Jabiri alieleza. “Unazibonyeza herufi kwa mausi, moja moja.”

Maige alikaa. Mausi ilikuwa inajivuta na mkono wake ulikuwa na haraka, basi kila alipolenga herufi moja alipata jirani yake. Alikosea, akakosea tena. Mashine ikaandika onyo, na Rosalia akalisoma kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofeli: akikosea mara nyingine, itajifunga kabisa.

“Inuka,” alisema Rosalia. “Niambie mimi.”

Maige alitazama koridoni. Alitazama skrini. Kisha akainama akamnong’oneza mkewe sikioni. Rosalia aligeuka akamtazama usoni.

“Hiyo?”

“Wewe andika tu.”

Sasa Rosalia alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Maisha yake yote amesimama mbele ya ubao na fimbo, akigusa herufi na kuitaja, akigusa na kuitaja, na watoto wakimwitikia. Kumwambia aguse herufi bila kuitaja ni sawa na kumwambia apige makofi kwa mkono mmoja. Hakujua hata kwamba anatoa sauti. Alikuwa ameizingatia ile mausi, asikosee, kwa sababu kila mtoto wa Kurui aliyemwandika alikuwa nyuma ya kosa hilo moja.

“J,” alisema Rosalia. “A. B. I. R. I.”

Koridoni Jabiri alinyanyua kichwa. Aliweka sawa kola ya shati. “Baba ametumia jina langu?” alimnong’oneza mkewe, na Loyce akatabasamu mpaka macho yakang’aa, kwa sababu kwa muda wote wa ndoa yake alikuwa akisubiri dalili yoyote, hata ndogo.

“A,” aliendelea mama yake. “S. I. I. N. G. I. E.”

Ngao ikafunguka. Rosalia ndipo alipousikia mwangwi wa maneno yake mwenyewe, akafunika mdomo kwa mkono.

Jabiri asiingie.

“Baba,” alisema Jabiri, bado ameutazama ukuta. “Hiyo uliiweka lini?”

“Zamani.”

“Kabla ya harusi?”

Maige alikuwa na makosa mengi lakini hakuwa mwongo. “Wiki ile ile,” alisema.

Loyce aliondoka akaenda jikoni, na vyombo vikaanza kusikika vikioshwa ambavyo tayari vilikuwa safi.

Jabiri hakuinuka. Alimwelekeza mama mkwe mpaka mlinzi wa zamani akazimwa, kisha akamwambia ajaribu tena kuirudisha mashine nyuma. Maneno yake sasa yalikuwa machache na makavu. Mstari wa kijani ulijaa, mashine ikazima, ikawaka.

“Inasema haikufanikiwa,” Rosalia alisoma. “Antivairasi inazuia.”

“Huyo ni wa pili. Hana pa kumzimia mpaka asajiliwe.” Jabiri alijishika kichwa. “Mama, nimekosea mimi. Nilitaka njia fupi. Ilitakiwa tuanzie nje kabisa, mashine ikiwa haijamaliza kuwaka, kabla walinzi hawajaamka. Huko hakuna hata mmoja anayeweza kuzuia.”

“Kwa hiyo ile paswedi hatukuihitaji?” Maige aliuliza.

“Hatukuihitaji, baba.”

Ilikuwa taabu kwa wote wawili kulisikia jambo hilo.

Rosalia alipenyeza kidole kwenye nondo, akaizima mashine ikiwa katikati ya kuwaka, akarudia kama alivyoelekezwa, mpaka ikasalimu amri na kuleta ukurasa wa buluu wenye machaguo. Hakuna ngao iliyoonekana. Alisoma, akasoma tena, mkono ukaganda juu ya mausi.

“Jabiri, mwanangu, hapa kuna kurudisha kwa aina mbili. Moja ndani yake kuna nyingine mbili. Zote zinaniuliza kama nina uhakika. Ipi inayofuta?”

Jabiri akasimama.

“Mama, nisamehe. Leo nimeelekeza kwa kusikia mara mbili, na mara mbili nimekosea. Ya tatu nikikosea, kazi yako inaondoka mbele ya masikio yangu. Sitaki kuibeba hiyo.” Sauti yake ilitetemeka, na haikuwa kwa ajili ya kompyuta peke yake. “Mtafuteni mtu anayeruhusiwa kuingia.”

Akaenda kibarazani, akaanza kuvaa viatu.

Rosalia hakuondoa macho kwenye skrini. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele. “Maige,” alisema, na hakuwa amemwita kwa jina tangu Loyce azaliwe. “Mimi sina mtu mwingine. Kesho asubuhi wananifuta.”

Maige alisimama mlangoni. Aliweza kumwita yule kijana, lakini angemwita aje wapi? Kama angeingia, wote wawili wangekuwa wamevunja mwiko, na mkewe asingeweza tena kumwangalia mkwe wake usoni. Kama asingeingia, kila kilichosemwa leo koridoni kingebaki kilivyo. Aligeuka akakitazama kitanda. Kilikuwa cha mninga, kizito, alikinunua yeye mwenyewe na kukikagua ubao kwa ubao.

Loyce alitoka jikoni akiwa ameishika simu yake, mikono bado ina povu. “Baba, nipige basi hiyo picha?”

“Weka simu chini,” alisema Maige. “Shika godoro.”

Jabiri alikuwa ameshafunga kiatu kimoja aliposikia nyundo. Kisha godoro likapita sebuleni likiwa na miguu ya Loyce chini yake. Ukafuata ubao wa kichwani, ukifuatwa na baba mkwe amekunja suruali, jasho linamtiririka puani. Zikafuata chaga, zikafuata mbavu za pembeni, likafuata beseni lililokuwa uvunguni, na viatu, na sanduku. Tereza alikuwa tayari yuko kwenye michongoma.

“Mnahama, mama Loyce?”

Loyce alimpungia mkono kutoka mlangoni, akarudi kubeba.

Maige alifagia sakafu kwa ufagio, mahali ambapo kitanda kilikuwa, akakunja nguo zilizoning’inia ukutani akampa Loyce. Kisha akatoka kibarazani. Alikuwa anahema.

“Chumba hakina kitanda,” alimwambia Jabiri. “Hapo hakuna anayelala. Ni chumba tu, kina kompyuta.”

Jabiri alimtazama. Alikuwa na jibu la ukali alilokuwa amelitayarisha tangu kwenye herufi ya A. Alilitafuta asilione. Alifungua kiatu kimoja alichokuwa amekifunga, akapita koridoni, na mlangoni akasita kidogo kwa mazoea.

“Ingia, Jabiri,” alisema Maige nyuma yake.

Akaingia. Rosalia alisogeza kiti, akasimama pembeni. Jabiri aliyatazama machaguo kwa macho yake mwenyewe, na hakuongea wala kumtaja mtu wa Kisarawe. Alirudi hatua moja nyuma, akaingia kwenye chaguo jingine, akaikuta tarehe ya Ijumaa.

“Hii, mama. Ile uliyokuwa umeiwekea mkono ndiyo ingefuta.”

Rosalia alikaa chini sakafuni.

Mashine ilianza kazi. Walichokiogopa sasa ni umeme kukatika, na kila mmoja alikiogopa kimya kimya, asije akauchokoza. Maige alichuchumaa karibu na mkewe. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kitu cha kulinda mkononi, akamshika mkono yeye. Skrini ikazima. Ikawaka. Ikaandika sentensi fupi, na Rosalia hakuisoma kwa sauti, akaanza kucheka huku analia.

Kibodi ilikubali. Programu ilikubali. Tasnifu ilifunguka pale pale alipokuwa ameiachia, kwenye maneno ya mama mmoja wa Kurui. Printa ikaanza kutema kurasa, na Maige ndiye aliyezipokea. Aliupanga wa kwanza, wa pili, na wa tatu akaanza kuusoma. Akasahau kuupanga.

“Haya umeyaandika wewe?” alimuuliza mkewe.

“Miaka yote hii ulidhani unalinda nini humo?”

Maige akaendelea kusoma.

“Amebaki mlinzi mmoja,” alisema Jabiri, akiinuka. “Huyo anatosha, baba. Matundu nitakuja na dawa ya gundi, angalau moja lifunguke, mama awe anatunza kazi yake nje. Na ile paswedi…”

“Ibadilishe.”

“Niweke nini?”

“Chochote. Mwambie mama yako, mimi usiniambie.”

Jabiri aliandika. Rosalia alichungulia, na safari hii hakutaja herufi hata moja.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama na safari ya Kisarawe bado ilikuwa mbele. Jabiri alitokea sebuleni, akakuta kitanda cha wakwe kimelazwa vipande vipande kati ya makochi. Aliinama akashika upande mmoja wa ule ubao wa kichwani.

“Baba, nikusaidie turudishe kabla sijaondoka. Nitauachia mlangoni.”

“Uache hapo hapo,” alisema Maige, kurasa za mkewe zikiwa kifuani.

“Mtalala wapi?”

“Hapa hapa sebuleni. Wiki ijayo ukija na hiyo dawa ya gundi, nani atakitoa tena?”

Jabiri aliushusha ubao taratibu.

“Nitakuja, baba,” alisema.